Mama Mapasa wawili, kichupa kimoja

Hapa Lubumbashi, mwanamke akijifungua mapacha, jina lake la zamani linawekwa kando. Kuanzia siku hiyo yeye ni Mama Mapasa na mume wake ni Baba Mapasa, kwa majirani, kanisani, hata kwa muuza sombe (majani ya muhogo) wa soko la mtaa wetu wa Kenya asiyemjua vizuri. Watoto nao hawasubiri kutafutiwa majina: kwa Waluba wa Katanga ni Kyungu na Kabange, kwa Waluba wa Kasai ni Mbuyi na Kabanga. Kumwita mama huyo kwa jina lake la shule mbele ya wageni ni kama kumvua kitambaa kichwani. Naanza hapa kwa sababu kosa ninalolichambua lilizaliwa ndani ya heshima hiyo. Aliyelifanya hakuwa mzembe, na aliyelipitisha nilikuwa mimi.

Mimi ni mtu wa labo. Hospitali sitaitaja, na wahusika nitawaita kwa kazi zao. Damu ninayoizungumzia niliipima kwa mkono wangu, nikaipima vizuri, na kila jibu nililoandika lilikuwa sahihi. Ila haikuwa damu ya mgonjwa aliyekuwa anaisubiri.

Kilichotokea

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Chumba cha akina mama waliojifungua kina nafasi kumi, na namba zake zimepakwa rangi ukutani, juu ya kila kitanda. Wiki hiyo Mama Mapasa walikuwa wawili. Mmoja alikuwa amepasuliwa siku iliyotangulia, watoto wazima, yeye mwenyewe ameshaanza kunywa uji. Alilala nafasi ya 4. Mwingine alijifungua kwa njia ya kawaida mchana wa siku ya tukio, na kizazi chake kikakataa kujikaza. Mfuko uliobeba watoto wawili huvutika sana, na ukishatoa mzigo wake huweza kulegea badala ya kukaza. Ndiyo maana mzazi wa mapacha yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuvuja damu. Huyu alivuja sana. Walimpa oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, wakamsugua tumbo, damu ikapungua bila kukoma kabisa. Alilala nafasi ya 7.

Daktari alipompitia aliandika bono ya labo, karatasi ya kuomba vipimo: hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu), kundi la damu, na kupima kama damu ya benki ya damu itakubaliana na yake. Mahali pa jina akaandika «Mama Mapasa, kitanda 7».

Baada ya hapo yalifanyika mambo mawili ya busara. Kwanza, mgonjwa wa nafasi ya 7 alisogezwa hadi karibu na mlango, mbele ya meza ya wauguzi, ili wamwone kila dakika. Pili, paa lilianza kudondosha maji juu ya nafasi ya 4, na kwa kuwa kidonda cha upasuaji hakitakiwi kulowa, yule mama aliyepasuliwa akahamishiwa mahali palipokuwa wazi. Mahali penyewe palikuwa nafasi ya 7. Hakuna aliyegusa daftari la wodi, na zamu ikabadilishana.

Muuguzi wa usiku ni mtu mwenye miaka mingi kazini, mpole, ambaye wazazi humwombea dua wanapoondoka. Alikaa mezani, akachukua vichupa viwili, kimoja chenye kifuniko cha zambarau na kingine chekundu, akakata vipande viwili vya plasta, akaandika kwa bic kwenye kila kimoja «Mama Mapasa, Mat., K.7», akavibandika kabla hata sindano haijafunguliwa. Umeme ukakatika. Akaweka simu kwenye mfuko wa kifua, taa yake ikielekea juu, akabeba sahani yake akifuata namba za ukutani.

«Jambo, Mama Mapasa.»

«Jambo, mama.»

«Njo weye (ndiwe) docta alisema tukamate damu?»

«Eeh, njo miye.»

Mama huyo hakudanganya. Asubuhi daktari alikuwa amemwambia kweli kwamba atatolewa damu, kuangalia hali yake baada ya upasuaji. Alinyoosha mkono, akageuza uso ukutani kama wafanyavyo wengi wanaoogopa sindano, na vichupa viwili vikajaa.

Vilinifikia labo kabla ya saa mbili usiku. Kwenye kigae cheupe niliweka matone yangu ya dawa, kila moja likigandisha damu ya aina yake: anti-A ya bluu, anti-B ya njano, anti-D isiyo na rangi. Nilichanganya damu na kila tone kwa kijiti chake, nikakiinua kigae na kukitikisa taratibu chini ya lampa ya kuchaji. Tone la bluu lilianza kukatika vipande vyekundu mara moja, kama maziwa yaliyoganda. La njano likabaki laini. La tatu likaganda. A chanya. Nikageuza upande wa pili, nikapima maji ya damu kwa chembe tunazozijua, jibu likawa lile lile. Nikachagua mfuko wa A chanya, nikapima ukubaliano, ukakubali. Nikaandika, nikatia sahihi, mfuko ukapanda materniti.

Mfuko ulikuwa umeshaning'inizwa, mpira wake umejazwa, umebaki kuunganishwa na mkono. Kando ya kitanda cha mlangoni alikaa dada mkubwa wa mgonjwa, aliyekuja kutoka mtaa wa Ruashi na bukari (ugali) kwenye sufuria iliyofungwa kitambaa. Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kama damu hii ni ya kundi gani. Akajibiwa A.

«Apana, mama. Huyu njo O. Mbele ya ndoa padiri aliomba karatasi, na ni miye nilimupeleka kupimwa.»

Muuguzi angeweza kumwambia kwamba labo wanajua kazi yao. Wengi tungesema hivyo. Yeye alifunga mpira, akaondoa mkono, akanipigia simu.

Nilipanda mwenyewe na sindano mpya. Nilimwomba mgonjwa anitajie majina yake. Alikuwa na midomo mikavu na alichukua muda, lakini aliyataja yote matatu, na yalilingana na fishi, kadi yake ya hospitali, iliyokuwa chini ya mto wake. Hayakuwa popote kwenye vichupa vyangu vya kwanza. Damu mpya haikuganda kwenye tone la bluu wala la njano. Ilikuwa O. Kisha nikaenda kwa yule wa nafasi ya 7, nikamwomba radhi, nikachukua yake upya. A chanya.

Mgonjwa wa mlangoni alipata damu ya O usiku ule, akapona. Wote wawili walirudi nyumbani na watoto wao.

Kilichokuwa kinamngoja

Tangu Karl Landsteiner alipoyaeleza makundi ya damu huko Vienna mwaka 1901, tunajua kwamba mtu wa O ana kinga dhidi ya A na B katika maji ya damu yake, bila kuwahi kupewa damu hata mara moja. Chembe za A zikiingia kwake, kinga hiyo inazishambulia na kuzipasua ndani ya mishipa. Kiasi kidogo tu, kabla hata ya robo ya mfuko kuisha, kinaweza kuanzisha homa, baridi, maumivu ya kiuno, mkojo mweusi, shinikizo la damu kushuka, figo kushindwa, na damu kupoteza uwezo wa kuganda.

Sasa mweke mgonjwa huyo mahali pale. Ni mwanamke ambaye tayari anavuja, tayari shinikizo lake la damu liko chini, tayari anatetemeka. Dalili za damu mbaya zingefanana na dalili za ugonjwa wake wenyewe. Tungesema kizazi kimeanza tena, na pengine tungeongeza mfuko wa pili wa A. Asubuhi tungeandika kwamba alikufa kwa kuvuja damu baada ya kujifungua, na hakuna ambaye angetushuku, hata sisi wenyewe.

Kwa nini karatasi zote zilikubaliana

Watu waliposikia kisa hiki waliniuliza jambo moja: vipimo vyote vile, vilishindwaje kuona? Havikushindwa. Kipimo cha chembe, ambacho shule za Kifaransa zilitufundisha kukiita Beth-Vincent, na kile cha maji ya damu, Simonin, vinalinganishwa ili kukamata kosa la mpimaji au la dawa. Kipimo cha ukubaliano kinalinganisha mfuko na kichupa. Vyote vinahoji damu iliyomo kwenye kichupa, na hakuna hata kimoja kinachojua kichupa kilijazwa mkononi mwa nani. Damu ya mama wa nafasi ya 7 ilikubaliana na nafsi yake kila mara nilipoipima, kwa sababu ilikuwa yake.

Kulikuwa na dalili moja, na inaniuma zaidi kuliko yote. Hemoglobini ilitoka 10.4. Kwa mwanamke aliyeelezwa kuwa amevuja sana, namba hiyo ilikuwa nzuri mno, na niliiona. Lakini nilikuwa na maelezo tayari, tena maelezo ya kweli: mtu akivuja kwa kasi, anapoteza chembe na maji kwa pamoja, hivyo hemoglobini huchelewa kushuka mpaka mwili urudishe maji. Daktari naye alifikiri hivyo hivyo. Elimu yetu ilitupa sababu ya kutouliza swali. Tangu siku hiyo, jibu lisilofanana na mgonjwa linanifanya nimpigie simu aliyechukua damu kabla ya kulitafutia maelezo ya kitabibu.

Bono na vichupa navyo vilisema neno moja: Mama Mapasa, kitanda 7. Mimi nililinganisha maandishi, nikaridhika. Sikujiuliza kama neno lenyewe linamtaja mtu. Heshima ya mama ililitoa jina lake kwenye bono, na rangi ya ukutani ikachukua nafasi ya jina hilo.

«Eeh» ya mgonjwa

Nimeyarudia mazungumzo yale ya mistari minne mara nyingi, kwa sababu mzizi uko pale. Swali la muuguzi lilibeba jibu lake. Aliyeulizwa alibakiwa na kazi ya kukubali tu, na kwetu kumkatalia muganga aliyesimama mbele yako usiku, na sindano mkononi, si jambo dogo. Mgonjwa hujibu «eeh» kuonyesha kwamba amesikia, kwamba yuko tayari, kwamba hatasumbua. Nenda kwenye baraza la wagonjwa wa nje uone: ukiita «Kabange!» watasimama wawili, na aliyengoja tangu alfajiri atasimama hata kwa jina linalokaribiana na lake tu. Anaogopa kupitwa.

Halafu kuna majina yenyewe. Mwaka 1972 Mobutu, rais wetu wa wakati huo, alipiga marufuku majina ya kikristo, na watu wakaongeza majina ya mababu. Kizuizi kilipoondoka, yale ya ubatizo yakarudi bila mengine kuondoka. Leo Mkongo ana majina matatu, na kila karatasi inayapanga inavyotaka: hapa la ubatizo limetangulia, pale limefuata, kwingine limeachwa. Mji wetu umejaa akina Ilunga, Kasongo na Ngoy. Jina moja peke yake halitoshi kumtenga mtu na mwenzake katika chumba cha vitanda kumi.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mapendekezo yake tisa ya usalama wa wagonjwa, lilitaka mgonjwa atambulishwe kwa angalau alama mbili, na likasema wazi kwamba namba ya chumba isihesabiwe kuwa mojawapo. Mwongozo wake wa 2010 kuhusu utoaji damu unataka mgonjwa mwenyewe aombwe kutaja jina lake kamili. Mambo haya tulikuwa tumeyasoma. Ugumu ulikuwa kuyasema kwa Kiswahili cha kwetu bila kumvunjia mama heshima, na hakuna aliyewahi kukaa nasi tukaitafuta sentensi hiyo.

Tuliitafuta baadaye, wauguzi, wakunga na sisi wa labo, na aliyeipata ni mkunga mzee kuliko sote. Salamu inabaki palepale, kisha swali linakuja: «Jambo, Mama Mapasa. Sasa kwa hii damu, unipatie majina yako yote, vile iko kwa fishi.» Mama hajavuliwa kitu. Ameombwa msaada, na anayataja. Alama ya pili ilitusumbua kidogo, kwa sababu si kila mtu anajua tarehe yake ya kuzaliwa. Mwenye kadi ya mpiga kura, ambayo ndiyo kitambulisho cha wengi wetu, tunaisoma pale. Asiye nayo, tunatumia namba ya fishi, na namba hiyo pamoja na majina matatu huandikwa kwenye plasta inayozungushwa kwenye kifundo cha mkono tangu anapopokelewa. Bangili za plastiki hazipatikani kila siku. Plasta ipo, na ikilowa inabadilishwa na kuandikwa upya mbele ya mgonjwa. Asiyeweza kusema, tunamwuliza ndugu aliyemleta, kwa swali lile lile lililo wazi, na tunalinganisha na mkono.

Na kichupa kinaandikwa baada ya damu kuingia, pale pale kitandani, kabla ya kumwacha mgonjwa na kwenda kwa mwingine. Katika yote tuliyobadilisha, hili ndilo lililopingwa zaidi, kwa sababu kuandaa vichupa mezani ni haraka na kunaonekana ni usafi wa kazi. Lakini kichupa chenye jina na bila damu kinaweza kujazwa na mkono wowote.

Kurudisha kichupa

Sasa zamu yangu. Plasta iliyosema «Mama Mapasa, Mat., K.7» haikustahili kupita mlango wa labo. Haikuwa na jina, haikuwa na tarehe, saa, wala sahihi ya aliyechukua. Niliipokea kwa sababu mwanamke alikuwa anavuja, ilikuwa usiku, na kumrudisha mtu kwa ajili ya plasta kulionekana ukatili. Kulikuwa pia na pesa: kwetu familia hununua vichupa na sindano kwenye famasi, na kila ninapokataa kichupa kuna shemeji anayetumwa tena nje kwenye mvua.

Hata hivyo, utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1997 uliangalia vichupa vilivyofika benki ya damu vikiwa na maandishi yenye kasoro, ukakuta kwamba kundi la damu halikulingana na la mgonjwa mara 40 zaidi kuliko kwenye vichupa vilivyoandikwa sawasawa. Mwingine wa mwaka 2003, uliokusanya hospitali 62 kutoka nchi 10, ulikadiria kwamba kichupa kimoja kati ya 2000 hivi kilikuwa na damu ya mtu mwingine. Hizo ni hospitali zenye umeme na bangili. Kwa hiyo plasta mbovu inatuambia kwamba kitandani kuna kitu kimekwenda haraka mno, na wema wangu wa usiku ule ulikuwa umeinyamazisha habari hiyo.

Tukakubaliana: kichupa cha kundi la damu chenye kasoro hakisahihishwi kwa kalamu. Kinachukuliwa upya, na kichupa cha pili kinatoka kwenye akiba ya labo, familia isilipe. Bila sehemu hiyo ya mwisho, kanuni isingedumu wiki mbili.

Tukaongeza jingine, ambalo Ufaransa wamelizoea zamani: asiyewahi kupimwa kwetu anachukuliwa damu mara mbili, kwa sindano mbili, kwa nyakati tofauti, ikiwezekana na watu wawili. Tulikaribia kuliharibu wenyewe. Mwezi wa kwanza nilipata vichupa viwili vya mgonjwa mmoja, saa zimeandikwa tofauti, damu imechukuliwa mara moja na kugawanywa ili kuokoa muda. Nilimwita kijana aliyeleta, nikamsimulia habari za dada wa Ruashi. Hakurudia. Mgonjwa akizidiwa na hakuna muda wa kuchukua mara ya pili, anapewa O mpaka kundi lake lithibitishwe.

Yule muuguzi aliandikiwa barua ya kutakiwa kujieleza. Niliipinga, na bado naipinga. Alifanya kama sote tulivyokuwa tukifanya, na yeye peke yake ndiye aliyemsikiliza ndugu wa mgonjwa wakati karatasi yenye sahihi yangu ilikuwa inasema vingine. Tukimwadhibu aliyesimamisha mfuko, nani atanipigia simu usiku mwingine? Niliandika barua yangu, nikaeleza sehemu yangu, nikaiambatanisha na yake. Suala likafungwa bila adhabu, na mkutano wa asubuhi uliofuata ulikuwa wa kwanza ambapo watu watatu walisimama kusema kilichowahi kuwatokea wao.

Limebaki la watoto. Usiku ule chumbani kulikuwa na Kyungu wawili na Kabange wawili, wote hawana hata siku tatu, wote wakionekana sawa chini ya blanketi, na hakuna hata mmoja anayeweza kutuambia jina lake. Sasa tunafunga plasta kwenye mguu wa kila mmoja, yenye majina matatu ya mama, namba yake ya fishi, na namba ya mtoto, 1 au 2. Miguu ile ni myembamba na inapiga teke. Asubuhi tunazikuta plasta kwenye shuka. Tunajaribu kitambaa chepesi chini yake, na hatujafika.